Jina la Asha Chini ya Tangazo

Ndugu zangu wa Mwembesongo, nyumba ya Bi Mwamvita ilikuwa na amani. Asubuhi yeye yuko barazani anapepeta mchele; binti yake Asha yuko ndani na kompyuta, anaandika kwenye blogu yake misiba ya ukoo uliotawanyika tangu viwanda vya mji vibinafsishwe. Akiandika Asha, watu wanafunga safari.

Lakini matangazo yalizidi, akachoka. Akamwita Salehe, fundi wa kompyuta, amtengenezee programu: ujumbe ukiingia kwenye simu ya matangazo, programu inaupandisha yenyewe kwenye blogu. Blogu ikauliza: je, unairuhusu programu hii kuandika kwa jina lako?

"Dada Asha, tuiwekee sharti usome kwanza," alisema Salehe.

"Nisome mangapi? Iache huru."

Akabonyeza Ruhusu. Uvivu wa dakika moja, jamani!

Mwezi haukuisha. Paulo, mtani wa ukoo, ambaye kazi yake ni kuwazika walio hai kwa maneno, akatuma ujumbe: "Stambuli wa Matombo kafa. Mazishi kesho." Asha angeusoma, angecheka na kumtukana Paulo. Programu haijui utani. Ikautangaza, na chini yake jina: Asha.

Stambuli ni kaka pekee wa Bi Mwamvita. Jirani alipokuja kumpa pole, mama aliuliza jambo moja tu.

"Nani kaandika?"

"Mwanao."

"Basi ni kweli," akasema, akaanguka. Presha. Hakufika hospitali akiwa hai.

Hamza, mwanawe wa kiume, karani kwenye mashamba ya miwa, alikuwa njiani kwenda kumzika mjomba. Akaambiwa mjomba mzima, analima maharage; ulikuwa utani wa Paulo. Akageuza kwa hasira, akazima simu. Asha alipiga mpaka akachoka, mwisho akaandika kwenye blogu kwa mkono wake: "Mama yetu amefariki."

Hamza akajibu kutoka ofisini: "Asubuhi mjomba, jioni mama? Mwambie Paulo utani una mwisho."

Asha aape kwa jina gani tena? Mama akazikwa bila mwanawe kushuka kaburini. Hamza alifika siku ya nne, alipopata uhakika, Asha akampigia magoti mlangoni. Kaka yake akampita kama hamjui, akawauliza majirani kaburi liko wapi.

FUNZO

Ndugu zangu, jina lako likiaminiwa, usilikabidhi kwa mtu wala mashine iseme usichokisoma. Uliyemruhusu akikosea, umekosea wewe. Asha aliifuta ruhusa ile siku ya mazishi. Haikumsaidia kitu.