Umeme Ulioshuka Shimoni

Chuma cha kushusha umeme ardhini hupigwa nyundo mpaka fundi atoke jasho, maana udongo wa Kolwezi ni mawe matupu. Fundi Merdi alijua hivyo, akaja na nyundo mbili. Lakini nyuma ya jiko la Fidélie alikisimamisha tu, akakigonga mara moja, na chuma kikazama chote, kikabaki kichwa, kana kwamba kuna mtu aliyekipokea huko chini.

"Mama, udongo ya hapa iko muzuri sana," Merdi alisema huku akicheka. "Hakuna hata jiwe."

"Ilikuwaka shimo," Fidélie alijibu. "Bwana yangu alichimbaka minerai, kiisha akalifunga."

Hakuona ubaya wowote. Nusu ya mtaa walikuwa wamechimba madini uani mwao. Miaka mitatu iliyopita, Omer, mumewe, alichimba hapo pamoja na Mechack, mdogo wake Fidélie, Mechack akishuka chini, Omer akibaki juu na mashine ya kupeleka hewa shimoni. Fidélie mwenyewe alikuwa Lubudi akimuuguza mama yao. Aliporudi alikuta shimo limefukiwa. Omer akamwambia kwamba madini yamekwisha na Mechack amekwenda kutafuta riziki Tenke. Tangu siku hiyo Mechack hakuleta hata salamu. Mama yao hulala na simu chini ya mto, na Fidélie alikuwa amemtukana mdogo wake kwa utovu wa shukrani mpaka akachoka.

Sasa alikuwa akipanua umeme wake wa jua. Paneli moja ya kuwasha taa mbili ilikuwa imeongezeka zikawa sita, pamoja na betri nne na inveta, kile kisanduku cha kubadili umeme wa betri ili uendeshe friza. Alitaka kuuza samaki wa barafu. Merdi alikuwa amekataa kuwasha mtambo mkubwa namna hiyo bila chuma cha kupeleka umeme mbaya ardhini. Omer alikuwa safarini Lubumbashi. Angekuwapo, angeomba chuma hicho kipigwe popote pengine, hata katika mguu wake mwenyewe.

Siku ya kwanza, saa sita mchana, jua likichoma mabati, betri zilikuwa tupu. Merdi akarudi, akabadili nyaya, akakuna kichwa.

"Panneaux zinaleta, batteries zinapokea," akasema. "Lakini kuko mutu anakula."

Siku ya pili samaki walioza. Fidélie aliwatupa kwa hasira, akasugua friza kwa sabuni, na harufu nyingine ikabaki: udongo mbichi wa chini kabisa, mpira wa buti, jasho la mwanamume. Kifeni cha ndani ya inveta nacho kiliacha kuvuma sawasawa. Kilivuta, kikakwama, kikavuta tena.

Siku ya tatu, mchana kweupe, majirani wakitwanga sombe, majani ya muhogo, ng'ambo ya ukuta na redio ikiimba, Fidélie aliinama kuzima inveta, na kabla kidole hakijafika kwenye kitufe akasikia kukohoa, kukohoa kwa kifua kilichojaa vumbi, kifua cha mdogo wake alichokipaka mafuta kwa mikono yake mwenyewe tangu utotoni, na sauti ikapanda kutoka kwenye kisanduku taratibu, kwa adabu, kama mtu anayejua kwamba anamsumbua dada yake.

"Yaya Fidé. Yaya, mupepo. Ambia shemeji awashe mashini."

Alimwita tata Kalala, mzee ambaye wachimbaji humwita azungumze na wenyeji wa chini kabla ya kufungua shimo jipya. Mzee alikishika kile chuma, akakiachia haraka.

"Hii haiko jini, mama," alinong'ona. "Ni mutu. Hajue kama alikufa. Anangojea mupepo. Naweza kung'oa hii chuma, atanyamaza. Lakini itakuwa kumukatia mupepo mara ya pili."

"Ya pili?"

"Uliza ule alikata ya kwanza."

Omer alirudi kutoka safari jioni hiyo, mzee akiwa bado uani. Alipokiona chuma, mfuko ulimponyoka. Wahenga hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako.

"Omer," Fidélie alisema, "ndugu yangu iko wapi?"

"Bapolisi balipita," Omer alijibu kwa sauti ndogo. "Banakatazaka kuchimba mu parcelle ya nyumba. Nilizima mashini ya mupepo kusudi basisikie kelele. Balikaa kwa jirani, bakakunywa pombe mpaka usiku."

"Alikuita?"

"Aliita."

"Na weye?"

"Nilifunika mudomo ya shimo na bâche ya plastiki. Nikaikalia."

Fidélie hakulia. Alitamani kulia, akakuta chuki imeketi mahali pa machozi. Miaka mitatu alikuwa amempikia mtu huyu.

"Ule alikata, yeye mwenyewe atamwambia kama alikufa," tata Kalala aliamuru.

Omer akapiga magoti, akashika chuma kwa mikono miwili. "Mechack, ulikufa," alisema. "Ni mi nilizima."

Kifeni kilivuta pumzi moja ndefu, kisha kikavuma sawasawa. Taa zote ziliwaka, friza ikanguruma. Omer alicheka na kulia kwa pamoja. "Ameenda! Tata, ameenda!"

Mzee alikuwa ameshashika njia. Fidélie alimfuata hadi langoni.

"Mpaka leo alikuwa anaomba," tata Kalala alimwambia bila kugeuka. "Sasa anajua. Hataomba tena."

Omer alioga, akafunga mlango wa jikoni wa kutokea uani kwa makomeo mawili, akajitupa kitandani kabla hata ya chakula. Fidélie alifunga nguo zake katika kitenge, maana lazima mtu aende Lubudi amwambie mama asingoje simu. Ndipo aliposikia, nyuma ya jiko, udongo ukimwagika, na mikono na miguu ikitafuta vishikizo ukutani mwa shimo, kimoja baada ya kingine, bila haraka, kama wapandavyo wachimbaji wanapomaliza kazi.

"Fidé?" Omer aliuliza kutoka chumbani. "Ni weye?"

Fidélie alikwenda jikoni, akafungua makomeo yote mawili, kisha akatoka kwa mlango wa mbele.