Ngazi ya Mzee Lami

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mzee Lami aliziba kila ufa, na nusura nyumba imwangukie hivyo hivyo.

Jina hilo alipewa na mtaa. Zamani alikuwa dereva wa lori. Siku hizi alikuwa mtu wa kopo la lami. Paa lilipovuja, aliegemeza ngazi yake ya bluu ukutani, akapanda, akapaka lami. Likivuja tena, alipaka tena. Paa lake la bati likawa na madoa meusi kama ndizi iliyoiva kupita kiasi.

Mkewe, Mama Cherehani, alishona nguo chumba cha mbele. Mvua aliijua kwa sauti za vyombo. Ndoo ililia *ndo*. Sufuria ililia *ndi*. Beseni lililia *tang*, tena kwa jeuri.

"Baba watoto, tutafute fundi," alimwambia mumewe mara nyingi.

"Fundi wa nini? Paa hili nililiezeka kwa mikono yangu, kabla hata mtoto wetu wa kwanza hajazaliwa. Nalijua kama ninavyokujua wewe."

"Mimi sivuji."

"Ukilia unavuja."

Basi mama anacheka, na maneno yanaishia hapo. Ndivyo mzee alivyoponyoka miaka yote. Kila akitafutiwa fundi, alitafuta mzaha. Lakini goti lake la kulia lilikuwa limechoka, na mama alilisikia likilia kila alipopanda ngazi. Siku hizo alishona akiwa amesimamisha masikio. Hakuogopa mvua. Aliogopa kishindo.

Asubuhi moja mvua ilikuja na upepo mkali. Mama Cherehani alikuwa akitandika kitanda. Akainua macho. Ubao wa dari juu ya mto wa mumewe ulikuwa umevimba kama tumbo. Maji yalikuwa yakishuka kwenye waya wa taa.

"Baba watoto!"

Nje, ngazi ikalia. Akakimbia uani.

Mzee alikuwa amekwisha panda. Kopo mkononi, brashi mdomoni, shati limemganda mgongoni. Ngazi ilisimama juu ya tope. Mguu mmoja wa ngazi ukazama. Ngazi nzima ikaanza kwenda upande, polepole, kama mtu anayesinzia.

Kopo lilianguka kwanza. Mama aliikumbatia ngazi kwa mikono yote miwili, akaikaza kwa bega.

"Shuka," alisema. Hakupiga kelele. "Shuka, mume wangu."

Mzee alishuka, kipandio kimoja, kingine, kingine. Alipokanyaga chini, akatoa brashi mdomoni.

"Ilibaki kidogo tu," alisema, akijaribu kutabasamu.

"Kidogo tu nini? Kidogo tu niwe mjane?"

Safari hii hakuna aliyecheka.

Mama alimkalisha jikoni. Akachovya kitambaa kwenye mafuta ya kupikia, akamfuta lami ndevuni. Mzee akaushika mkono wake. Kisha mama akachukua simu, akampigia jirani yao mwenye duka la vifaa vya ujenzi.

"Shikamoo, mama. Nikuwekee lami? Mwaka huu litakuwa kopo la tisa."

"Marahaba. Lami imetosha, mwanangu. Nataka fundi wa paa."

"Hatimaye! Yupo mmoja hapa hapa mtaani. Tunamwita Fundi Polepole. Paa la duka langu ni kazi yake, na la zahanati pia. Pita uyatazame. Usimpe kazi mtu ambaye kazi yake huwezi kuiona."

Mapaa hayo mama aliyajua, hayavuji. Akaomba namba, akampigia Fundi Polepole papo hapo. Swali la kwanza la fundi lilimshangaza.

"Mama, kuna mtu juu ya paa?"

"Ameshuka sasa hivi."

"Afadhali. Asipande tena. Bati lililolowa ni sabuni. Sasa nisikilize. Wewe na sakafu mkiwa wakavu, zima swichi kubwa ya umeme wa nyumba. Taa usiiguse. Dari imevimba?"

"Imevimba sana."

"Sogeza kitanda. Weka ndoo chini ya uvimbe. Tafuta fimbo ndefu yenye ncha, usimame kando, utoboe kitundu kimoja. Maji yatoke kidogo kidogo. Ukiyaacha, dari yote itashuka nayo."

"Na wewe utakuja lini?"

"Upepo ukitulia. Kwenye upepo sipandi, hata nyumba ingekuwa ya mama yangu."

Mama alizima umeme. Alifunga sindano ya kushonea magunia kwenye mpini wa ufagio. Akasimama kando, akatoboa. Maji yakashuka ndani ya ndoo, membamba kama uzi. Uvimbe ukanywea.

Mvua ilipopungua, mzee alikuwa amelala kwenye kiti jikoni, mdomo wazi. Mama alimtazama. Kisha akatoka, akachukua msumeno, akaikata ngazi ya bluu vipande vipande. Akavificha nyuma ya tangi la maji. Alirudi ndani akiwa na unga wa mbao kwenye mikono ya gauni, akaupangusa.

Adhuhuri mtu alibisha hodi. Alikuwa na nyundo kiunoni na maneno mengi mdomoni.

"Mama, napita tu, lakini nimeona paa lako limekufa. Bati zote zitoke. Nipe pesa nikalete mpya leo hii."

"Umelipima lini?"

"Naliona hapa hapa niliposimama."

"Mimi ni mshonaji," alisema mama. "Nguo ikichanika, naigeuza ndani nje kwanza, nione imeanzia wapi. Wewe hujapanda wala hujaingia. Umejuaje?"

"Uzoefu, mama."

"Vizuri. Nionyeshe paa moja tu ulilotengeneza mtaa huu."

Yule mtu akaanza kurudi nyuma.

"Kwaheri, baba. Angalia utelezi hapo mlangoni."

Fundi Polepole alifika alasiri, upepo umetulia. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na ngazi yake mwenyewe begani. Kitu cha kwanza aliuliza, "Panavuja wapi?"

"Juu ya mto wangu," alisema mzee, amekunja uso. "Na ujue paa hili nimelijenga mimi."

"Basi wewe ndiye wa kunionyesha, mzee wangu."

Alipanda mezani, akafungua kifuniko cha dari, akaingiza kichwa na tochi. Alikaa humo muda mrefu. Ndipo akashuka, akampisha mzee. Mzee alisimama mezani, mkewe akamshika shati kwa nyuma.

"Fuata mwanga wa tochi, mzee. Unaona ule mstari wa maji kwenye boriti? Umeanzia kule kileleni, penye bati la kofia. Ni hatua nne kutoka kitandani. Maji ni msafiri. Anaingia mlango ule, analala nyumba hii. Lami umekuwa ukipaka wapi?"

Mzee alijibu, "Juu ya kitanda."

"Kumbe umekuwa ukimfukuza mgeni mahali anapotokea, na mahali anapoingilia mlango uko wazi. Tena lami imekuficha kutu. Chini yake bati limeliwa kimya kimya."

"Na vile vitundu vinavyopenyeza mwanga kwenye bati?" aliuliza mzee.

"Misumari. Bati lina mgongo na lina bonde. Maji hupita bondeni. Msumari unatakiwa upigwe mgongoni, na kipira chake chini ya kichwa cha msumari. Hii imepigwa bondeni. Kipira kikizeeka, kila mvua inaingia."

Mzee alivihesabu vile vitundu kwa kidole.

"Niliipiga mimi," alisema mzee.

Mama alihisi shati likilegea mkononi mwake, kana kwamba mumewe amepungua ndani yake. Akaogopa kuliko alivyoogopa kwenye ngazi.

Fundi akagonga boriti kwa kidole. "Na mbao hizi, nani alizipiga?"

"Mimi."

"Zina miaka mingapi?"

"Thelathini na tisa."

"Zimenyooka kama rula. Mchwa hajagusa hata moja. Mzee, nimeingia nyumba za watu wenye uwezo, nimekuta mbao zimepinda kama mkia wa mbwa. Paa lako lina mifupa mizuri. Linaumwa ngozi tu."

Mzee alipenga kamasi kwa kishindo. Tangu dakika hiyo Mama Cherehani alimpenda yule fundi kama mwanawe wa kumzaa.

Bati likakauka, na kabla jioni haijafika fundi alikuwa amefunika palipovuja kwa turubai, amelibana kwa mbao. "Hii ni bandeji," alisema. "Dawa yenyewe inataka paa kavu siku mbili mfululizo." Akaandika kwenye karatasi: mabati matatu ya kubadilisha, kofia ya kufunga upya, misumari mipya, matundu ya kuziba, siku mbili za kazi, bei. Malipo ya mwisho yangesubiri mvua moja ipite. Akasoma kwa sauti. Wote watatu wakatia sahihi.

Siku ya kazi, jua liliwaka. Fundi aliweka ubao chini ya miguu ya ngazi yake, akapanda, akaifunga juu kwa kamba.

"Ngazi unaifunga kama mbuzi?" mzee alimchokoza.

"Mbuzi akikata kamba anarudi jioni, mzee. Mimi nikianguka, nani atanirudisha?"

"Ngoja nilete ngazi yangu tusaidiane. Mama watoto! Ngazi iko wapi?"

"Jirani kaazima," alijibu mama kutoka dirishani, bila kuinua macho.

"Mzee, mimi nahitaji mtu wa kunishikia hii," alisema fundi haraka. "Kazi hiyo simpi kila mtu. Uhai wangu uko hapo."

Basi Mzee Lami aliishika ngazi kwa siku mbili, kama anayelinda benki. Kila nyundo ilipolia, aliuliza, "Huo umekaa mgongoni?"

"Mgongoni, mzee!"

"Na kipira?"

"Kipo, mzee!"

Kazi ilipokwisha, fundi alinywa maji, akawakalisha wote wawili.

"Mzee, ulipokuwa dereva, ulingoja injini izime ndipo ubadilishe oili?"

"Hata kidogo! Huo ni wazimu."

"Na paa ni hivyo hivyo. Niiteni kabla ya msimu wa mvua, na tena ukiisha. Nitakaza misumari, nitatazama kutu, nitazoa majani kwenye mfereji wa paa. Majani yakiziba, maji yanarudi ndani. Lile tawi linalokwaruza bati nimelikata. Nyinyi kazi yenu ni macho. Baada ya mvua kubwa, tazameni paa mkiwa chini, kisha mulikeni dari kwa tochi. Mkiona doa jipya, simu. Doa la leo ni kazi ya saa moja. Likikaa mwaka, ni kazi ya wiki."

"Hapo umenishika," alisema mzee. Aliandika yote kwa mkono wake, akabandika karatasi ndani ya mlango wa kabati.

Wiki mbili baadaye mvua ilirudi, mchana, nzito, bila salamu. Mama aliacha kushona, akasikiliza. Ndoo haikusema. Sufuria haikusema. Hata beseni, na jeuri yake yote, lilinyamaza. Fundi Polepole alimaliziwa malipo yake jioni hiyo hiyo, mvua ilipokatika.

Lakini kabla haijakatika, mzee alikuwa amesimama dirishani, mikono nyuma, akitazama bustani.

"Mama watoto."

"Naam."

"Zile fimbo ulizoegemezea nyanya. Mbona zina rangi ya bluu?"

Mama, aliyekuwa amerudi kushona, akaondoa mguu kwenye pedali.

"Kwa sababu ni ngazi yako."

"Si ulisema jirani kaazima?"

"Nilikudanganya."

"Umeikata ngazi yangu!"

"Kwa msumeno wako."

"Ngazi niliyoezekea nyumba hii! Nikiwa kijana! Wewe ukiwa chini unanipa misumari!"

"Nakumbuka," alisema mama. "Na misumari yenyewe nikakuona unaipiga bondeni, nikakaa kimya kwa sababu ulikuwa unapendeza." Akageuka kwenye kiti. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, baba watoto. Na guu hilo bado nalitaka."

Mzee alitazama fimbo zake za bluu. Nyanya zilikuwa zimezipanda vizuri, zimeshika mpaka juu. Midomo yake ilitaka kucheka, akaizuia.

"Hata samahani huniambii?"

Mama Cherehani alitazama dari. Kavu. Akamtazama mumewe. Mzima, miguu miwili, na tone la lami bado limejificha nyuma ya sikio.

"Sikuambii," alisema, akakanyaga pedali. "Leo siombi radhi, na kesho usinisubiri."