Dobi Aliyekataa Kulala Uani

Dobi ni jirani yangu. Ukuta wa chumba chake ndio ukuta wa chumba changu, na ua tunatumia pamoja. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine niliyasikia ukutani, maana ukuta wetu ni mwembamba na Dobi ana sauti.

Siku zao zilikuwa hivi. Asubuhi mke wake anafua mpaka vidole vinachubuka kwa sabuni. Dobi anawasha mkaa, anaujaza kwenye pasi, anasimama mezani hadi jioni. Mashati ya watu wa ofisini, mashuka ya hoteli, sare za shule. Binti yao akirudi kutoka shuleni anasaidia kukunja. Huyo binti tulimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Atakusimulia ya darasani, ya njiani, ya paka wa dukani, na wala hujamwuliza.

Zamani nguo zilikauka uani, kwenye kamba. Siku moja mwizi akaruka ukuta, akazoa mashuka yote. Basi! Dobi akawa mtu mwingine. Akapandisha ukuta. Akaweka lango na kufuli kubwa. Hayo hayakumtosha. Akahamishia kamba ndani ya chumba cha kulala, na dirisha akaligongomea mbao. Nguo zisipokauka, anaingiza jiko la mkaa katikati ya chumba. Wakati wa kulala analitoa, anafunga mlango, na watu watatu wanajilaza chini ya nguo za watu zinazodondosha maji.

Nasema wanajilaza, kwa sababu kulala hawakulala. Ulikuwa msimu wa joto. Nilimsikia Dobi akigeuka na kuguna. Nilimsikia mkewe akikohoa, na Dobi akimgombeza kwa kukohoa.

"Shoga, macho yamekuwa mekundu hivyo!" nikamwambia mkewe siku moja.

"Joto, jirani. Tutafanyaje?"

"Laleni uani. Hewa ipo ya bure."

Dobi alinisikia. Akatoka na pasi mkononi.

"Shemeji, mimi nina chumba changu. Nilale nje kama mbuzi? Kesho watu waseme nimefukuzwa na mke?"

"Haya, chemka humo humo," nikamjibu.

Tulicheka wote watatu. Laiti tungejua, tusingecheka.

Alasiri moja Dobi alikuwa anapiga pasi. Chiriku alikuwa upande wa pili wa meza, anamnyooshea shati kwa mkono wa kushoto, huku anasimulia mambo yake. Usingizi ukampitia Dobi akiwa amesimama. Pasi ikashuka juu ya mkono wa mtoto.

Ule ukelele, jamani, sitaki kuukumbuka. Nilikimbia, nikaushika mkono, nikaumiminia maji safi kwa muda mrefu. Mtu mmoja akaja na dawa ya meno apake. Nikamfukuza. Dobi alisimama tu, amepigwa na butwaa. Kisha, badala ya kumpa mwanawe pole, akafoka: "Nani alikwambia uweke mkono hapo?"

Nilitamani kumzaba kibao.

Tangu hapo Chiriku akanyamaza. Akifungwa bandeji, kimya. Akiulizwa ya shule, kimya. Baba akiingia chumbani, yeye anatoka. Alikula mlangoni, amempa baba yake mgongo. Dobi alijifanya haoni, lakini aliona vizuri sana. Ana mtoto mmoja tu, na mtoto huyo anamkimbia. Nyumba ikawa kama ina msiba.

"Nitamchukua binti yangu twende kwa mama," mkewe akaninong'oneza. "Na kurudi sijui kama tutarudi."



Jumamosi nesi wa zahanati alikuja kubadilisha bandeji. Ni mama mmoja mpole, lakini hana maneno ya kupaka mafuta. Alipofika mlangoni pa chumba akasimama.

"Mnalala humu?"

"Ndiyo, nesi," Dobi akasema. "Ndicho chumba chetu."

"Na mkaa mnauwasha humu?"

"Nautoa kabla hatujalala."

"Shukuru Mungu, kaka. Mkaa unatoa hewa ya sumu, na haina harufu. Siku ukisahau kulitoa jiko, hamtaamka. Usiliingize tena ndani, hata mchana." Akagusa ukuta uliolowa. "Unalala vizuri wewe?"

Dobi akacheka kwa uchungu. "Nimesahau usingizi unafananaje."

"Sikiliza. Mwili ukitaka kulala, lazima upoe kidogo. Chumba hiki hakipoi. Nguo mbichi zinajaza unyevu, dirisha limefungwa, hewa mnavuta ile ile mliyokwisha kuivuta. Ndiyo maana mkeo anakohoa. Na asiyelala anakuwa mkali, anasahau, anasinzia kazini. Mkono huu wa mtoto ulianza kuungua hapa, kitandani kwako."

Dobi akainamisha kichwa.

"Laleni uani msimu huu," nesi akaendelea. "Ua una ukuta, lango lina kufuli. Nje hewa inapita, mwili unapoa. Giza likiingia mwili unajua ni wakati wa kulala, mwanga wa alfajiri unauamsha taratibu. Lakini msilale chini. Tumieni kitanda, na chandarua kichomekwe chini ya godoro, mbu asipate njia. Ikinyesha au baridi ikija, rudini ndani, dirisha likiwa wazi."

"Na wezi?"

"Wezi wanataka nguo, hawakutaki wewe. Kausheni nguo mchana, mkiwa mnaziona. Jioni zifungieni ndani. Nguo zilale chumbani, nyinyi mlale nje."

Dobi akamtazama binti yake, aliyekuwa amejibanza nyuma ya mama yake. Akauliza polepole, "Nesi, nikilala, mtoto atanirudia?"

"Hilo siwezi kukuahidi. Ila asiyelala hata kuomba radhi hawezi. Anaomba kwa kufoka."

Jioni ile Dobi aling'oa mbao dirishani, akairudisha kamba uani. Tukatoa vitanda, tukafunga vyandarua kwenye kamba. Fundi viatu wa mtaani akachungulia langoni.

"Vipi Dobi, umefukuzwa?"

"Nimefukuzwa na joto," Dobi akasema, na hakucheka.

Mwanzoni hawakuzoea. Mbwa walibweka, Dobi akashtuka kila mara akidhani ni mwizi. Lakini usingizi ulikuja, tena ule mzito wa mtu aliyechoka miezi. Kikohozi cha mkewe kikapungua, kisha kikaisha. Pasi ikashikwa na mkono ulio macho. Na ile sauti niliyoizoea ukutani ikashuka. Habari ya kwenda kwa mama haikutajwa tena. Chiriku tu ndiye aliyeendelea kulala kitanda cha mwisho, pembeni kabisa, uso ameuelekeza ukutani.

Alfajiri moja nilitoka kuchota maji. Mkewe alikuwa ameshaanza kufua. Dobi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda chake, akimtazama binti yake akiamka. Chiriku alifungua macho, akamwona baba, akajikunyata.

Dobi hakusimama. Akasema kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia:

"Mwanangu, nilikuunguza, kisha nikakugombeza. Kosa lilikuwa langu. Wewe hukukosa kitu. Nisamehe."

Mkewe akaacha kufua. Mimi nikasimama na ndoo yangu, machozi yananitoka kama mjinga.

Chiriku aliutazama mkono wake. Alama itabaki, nesi alishatuambia. 

"Bado panauma, baba."

"Wapi, mama?"

Akatoka ndani ya chandarua chake, akaenda akakaa kando ya baba yake, akamnyooshea mkono amwonyeshe.