Gari Lililokataa Kuzimika

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha gari, Mama Pacha alichukua tambara, akainama, akafuta oili iliyodondoka chini ya injini. Lilikuwa gari la dizeli, la zamani, lenye bodi ya mizigo nyuma. Mume wake alikuwa seremala. Yeye alitengeneza vitanda na makabati, na Mama Pacha aliwapelekea wateja. Riziki ya nyumba nzima ilitegemea gari hilo.

"Limevuja tena, Baba Pacha," alisema asubuhi moja.

"Wapi?"

"Bora uniulize wapi halivuji."

Seremala akacheka, lakini kicheko chake kiliishia mdomoni. Alikuwa amebadilisha sili, zile pete za mpira zinazozuia oili, mbele ya injini, kisha nyuma. Alikuwa amepaka gundi kwenye mfuniko wa injini. Kila alipoziba, oili ilitafuta pengine pa kutokea. Sasa hata kijiti cha kupimia oili kilikuwa kinachomoka chenyewe. Seremala alikifunga kwa waya.

Jirani yao alikuwa fundi wa mabasi, mwanamke mwenye sauti kubwa. Mtaa mzima ulimwita Dada Spana. Siku hiyo alipita akiwa njiani kwenda kazini. Akaona moshi wa buluu ukitoka nyuma ya gari, akasimama.

"Shemeji, hiyo injini inakosa pumzi. Niletee niiangalie."

"Inavuja tu kidogo, shemeji," Seremala akajibu. "Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Basi mimi naziba."

"Ufa wa nyumba huzibwa. Je, pua ya mtu nayo utaiziba?"

Seremala akacheka tena. Kabati la mteja lilikuwa linasubiri. Gari halikupelekwa kwa fundi.

Wiki iliyofuata, Mama Pacha alikwenda hospitali kumchukua mama mkwe wake. Bibi alikuwa ameteleza bafuni akavunjika mguu. Sasa alikuwa na plasta nzito kuanzia kwenye kisigino hadi pajani. Wauguzi walimpakia kwenye kiti cha mbele kwa shida.

Njiani gari lilianza kuvuta vibaya. Moshi ulizidi. Mama Pacha hakusema kitu, asije akamtia Bibi hofu. Alipoingia uani kwake alishusha pumzi. Akaondoa mguu kwenye eksileta.

Injini haikupunguza kasi. Iliongeza.

"Mbona unalikanyaga hivyo, mwanangu?" Bibi akauliza.

"Sijalikanyaga, mama."

Mama Pacha akazungusha ufunguo. Akauchomoa kabisa. Injini iliendelea kunguruma, kisha ikaanza kulia kama mnyama aliyenaswa. Gari zima lilitetemeka. Moshi ulijaa uani hata ukuta ukapotea. Mama Pacha alikuwa na ufunguo mkononi, na injini bado ilikuwa inazunguka.

"Nitoeni!" Bibi akapiga kelele. Mguu wake haukukunjika. Aliufungua mlango, lakini hakuweza kushuka.

Hapo pacha wawili wakatoka mbio ndani ya nyumba. "Bibi amekuja! Bibi amekuja!" Walikuja moja kwa moja mbele ya gari.

Seremala alitupa randa yake, akakimbilia boneti.

"Usifungue! Usitie mkono humo!" Ilikuwa sauti ya Dada Spana. Alikuwa ameusikia mlio ule kutoka kwake, akaja mbio miguu mitupu. "Watoe watoto mbele ya gari! Wapeleke mbali!"

Seremala akawabeba wanawe, mmoja kila kwapa, akatokomea nao nyuma ya nyumba.

Dada Spana akafika kwenye dirisha. "Nisikilize mimi, usisikilize injini. Kanyaga breki kwa nguvu zako zote. Umekanyaga?"

"Ndiyo!"

"Vuta na breki ya mkono. Sasa kanyaga klachi. Tia gia ya juu kabisa. Usiache breki! Achia klachi kwa mkupuo. Sasa!"

Mama Pacha akaachia. Gari likaruka mbele kama linalotaka kuvunja ukuta. Bibi akamtaja Mungu wake. Injini ikakohoa, ikagonga, ikanyamaza.

Mama Pacha alitaka kushuka, lakini mguu wake ulikataa kutoka kwenye breki. Dada Spana ndiye aliyeuondoa kwa mkono, taratibu, kama mtu anayemvua mtoto kiatu.

Injini ilipopoa kabisa, Dada Spana alifungua boneti. Akaonyesha kopo dogo lililounganishwa na mabomba mawili ya mpira.

"Hiki ni kitenganisha oili," alisema. "Injini ikifanya kazi, hewa kidogo yenye moshi hupenya hadi chini kwenye oili. Hewa hiyo lazima itoke. Inapita humu. Kopo linaikamata oili na kuirudisha chini. Hewa inaendelea na safari yake."

Akalifungua. Ndani mlikuwa na chujio, limejaa tope jeusi, zito kama lami.

"Pua imeziba," Seremala akasema polepole.

"Imeziba. Hewa ikakosa njia, ikasukuma oili kwenye sili zako. Ulikuwa unamfunga bandeji mtu asiyepumua. Mwishowe oili ikaingia kwenye bomba la hewa, lile ambalo injini huvutia pumzi yake, injini ikaanza kunywa oili yake yenyewe. Ufunguo unakata dizeli. Hiyo oili ungeikataje?"

"Na kama gia zingekataa?" Mama Pacha akauliza.

"Ungeziba mdomo wa bomba la hewa kwa ubao bapa, mgumu. Si tambara, linavutwa ndani. Wala si kiganja chako."

Seremala aliinamisha kichwa. "Ningewaua, shemeji."

"Hukuwaua. Shika hii, tufanye kazi."

Waliosha kopo na mipira yake kwa mafuta ya taa, nje, mbali na jiko. Wakakausha mpaka hewa ikapita bila kizuizi. Chujio la ndani lilikuwa la nyuzi. Hilo halioshwi, kwa hiyo wakanunua jipya. Mpira mmoja ulikuwa na ufa, nao wakaubadilisha. Walifuta oili yote iliyotuama kwenye bomba la hewa, wasiache hata tone. Mwisho wakaweka oili mpya, maana oili iliyochakaa ndiyo huleta tope lile.

"Washa," Dada Spana akasema. Alisimama kando ya injini, ubao mkononi.

Mama Pacha aliushika ufunguo. Akawasha.

Injini ilinguruma kwa utulivu. Dada Spana akalegeza kifuniko cha oili. Pumzi ndogo tu ilitoka. Seremala akafungua ule waya. Kijiti hakikusogea.

"Zima."

Mama Pacha akazungusha ufunguo. Injini ikazimika palepale. Akawasha tena, akazima tena. Kila mara ilimtii.

Kuanzia siku hiyo, kila walipobadilisha oili walikagua na kitenganisha oili. Chini ya gari pakawa pakavu. Sili za akiba ambazo Seremala alikuwa amezinunua zilibaki kwenye boksi lao, hakuna aliyezihitaji.

Siku ya kwenda kukatwa plasta ilipofika, pacha walimsaidia Bibi kupanda. Injini ilikuwa tayari inanguruma, lakini hakufunga mlango.

"Kwanza zima nisikie," akamwambia mkwewe.

Mama Pacha akazima. Uani pakawa kimya kabisa. Bibi alisikiliza kwa makini, kisha akavuta mlango, akaufunga.

"Haya, mwanangu. Twende."