Jibu Kutoka Walikale

Hii ilimpata rafiki yangu Mbonigaba, mtu wa Masisi, wakati wa Wabeleji. Alikuwa amejitengenezea redio ndogo ya kugonga alama za telegrafu. Akisafiri, aliifunga nyuma ya baiskeli, na kila aliposimama alizungumza na mwenzake wa Walikale.

Mchana mmoja mvua ilimzuia kijijini Kalembe. Ukungu ulishuka hadi nyumba zikaingia giza. Nyirakamana, mama aliyempokea, alimwomba, "Papa, uliza kama bwana yangu alifika kule Walikale na ngombe. Siku mingi sijapata habari."

Mbonigaba alitundika waya mtini, akavaa visikilizio, akagonga swali. Kwa muda alisikia mvua tu. Kisha alama zikaja, polepole: "Ndiyo. Iko hapa."

"Amefika, Mama!"

Nyirakamana alipiga magoti kumshukuru Mungu. Lakini nyuma ya alama ilianza sauti ya kutafuna. Ilikuwa ya majimaji, ya mdomo uliojaa, ikimeza na kuanza tena, karibu kabisa na sikio. Harufu ya maziwa yaliyooza ikampanda puani.

"Anasema nini tena, Papa?"

Mbonigaba alivua visikilizio, akakimbilia mlangoni kutapika. Akahisi masikio yameloa. Alijipangusa, akatazama kiganja. Yalikuwa mate mazito, bado ya moto, na katikati yake kipande cha ukucha wa mtu, kimetafunwa.