Pumzi ya Kuazima

Jua lilikuwa linazama Kavutha alipofika Kajiado kuchukua mashine ya kumsaidia mumewe kupumua akilala. Alielekezwa nyumba ya mabati mekundu nyuma ya shule, akaambiwa asingoje kufunguliwa, aingie tu mpaka uani, maana kulikuwa na sherehe ndogo ya akina mama. Mke wa kijana wa pale alikuwa amejifungua.

Uani hakukuwa na mwanamume hata mmoja. Wanawake walikuwa wamemzunguka kondoo dume aliyelazwa ubavu. Wawili walimshika miguu. Mwingine, mama mrefu mwenye shuka la buluu, alikuwa amepiga magoti juu yake, kiganja chake kimefunika mdomo na pua za mnyama.

Hakuna kisu. Hakuna damu. Hakuna kelele.

Miguu tu ilikuwa ikitikisika, ikitikisika… halafu ikalegea. Yule mama hakuondoa mkono mara moja. Alingoja kidogo, bila haraka, kama mtu anayengoja maziwa yachemke.

"Takwenya," Kavutha akasalimia. Ndiyo salamu pekee ya Kimaasai aliyoiamini mdomoni mwake.

"Iko." Mama akainuka, akajifuta mkono kwenye shuka. "Wewe ndiye wa Kitengela? Karibu, usishtuke. Nyinyi Wakamba mnakata shingo. Huyu ni wa mtoto, damu yake haimwagwi chini."

Huyo ndiye alikuwa Nalotuesha. Walikuwa wamejuana kwa simu tu, kupitia mama mmoja wa kanisani. Aliingia ndani akatoka na mkoba mweusi, akaushikilia mbali na mwili wake. Ulinukia moshi wa ule mti wanaosafishia vibuyu vya maziwa.

"Ilikuwa ya bwanangu. Enda nayo, sitaki kitu. Lakini niko na neno moja. Mwenyewe hatumtaji. Amekufa, na jina lake limekufa. Usiliulize."

"Sitauliza, mama."

"Na ukilisikia, usilitie mdomoni. Sana sana kwa nyumba yenye hii kitu italala."

Alipozungumza, taya lake lilikwenda upande, kama mlango uliolegea bawaba. Kavutha aliliona, akatazama pembeni kwa adabu.

Aliihitaji ile mashine kuliko alivyohitaji maelezo. Mumewe, Ndolo, alikuwa dereva wa lori la tajiri aitwaye Githongo, akibeba ng'ombe kutoka soko la Bisil hadi kichinjio cha Kitengela. Alfajiri moja karibu na Isinya alilala akiwa ameshika usukani, lori likaingia mtaroni, na mafahali wakavunjika miguu wakiwa wamerundikana. Walichinjwa palepale kando ya barabara, huku Ndolo amekaa kwenye nyasi hajui ilikuwaje. Hospitalini waliambiwa koo lake linajifunga akilala. Pumzi inakatika, inarudi, inakatika. Siku moja, daktari alisema, inaweza kukatika isirudi.

Githongo hakumfukuza. Alimnyang'anya ufunguo, akamweka alinde malori usiku. "Ukikoroma," alimwambia, "wezi watajua hapa kuna mlinzi." Basi Ndolo akawa mtu wa kulala mchana, pazia zito dirishani, huku upepo wa Kitengela ukigonga mabati na vumbi la barabara likipenya chini ya mlango.

Siku za kwanza za mashine zilikuwa vita. Ilinguruma kama ile pampu ya fundi wa magurudumu. Maski ilimkaza uso ikamwachia mistari myekundu mashavuni. Hewa ilivuja pembeni ikapiga mluzi. Ndolo alikuwa akiing'oa usingizini na kuitupa sakafuni, au akiamka kinywa kimekauka, analaani.

"Mama Sandra, hii kitu inanilisha upepo kwa nguvu," alilalamika. Sandra, binti yao, alikuwa shule ya bweni, na hilo Kavutha alikuja kulishukuru baadaye.

"Vaa. Upepo ni afadhali kuliko jeneza."

"Nikikufa utapata kijana. Asiyekoroma."

"Kijana wa nini? Wewe nimekuzoea."

Jirani yao Evalyne, ambaye chumba chake kilitenganishwa na chao kwa ukuta mwembamba, aligonga na kupiga kelele: "Mama Sandra! Mmefungua posho mill huko ndani? Nilete mahindi?"

Walicheka wote watatu, ukuta katikati.

Kavutha aliipeleka kliniki ya mtaani, kwa nesi aitwaye Mugure, ampunguzie mgonjwa nguvu ya hewa. Mugure aliigeuza mashine mikononi, akatabasamu.

"Hii naijua! Mimi ndiye nilimfunza mzee Katoo kuivaa, nikiwa bado nafanya kazi Kajiado. Kwani alifariki? Woi. Alikuwa mtu mpole huyo, mkarimu. Kila mara alituletea maziwa." Akafungua kifuniko cha nyuma, akatoa betri iliyovimba, akaitupa ndani ya debe. "Hii imekufa. Itumieni kwa stima tu."

Hivyo ndivyo jina lilivyoingia masikioni mwa Kavutha.

Hakulitafuta. Lakini lilimkaa. Yeye mwenyewe aliitwa kwa jina la nyanya yake, na nyanya kwa jina la mwingine aliyetangulia. Kwao jina la aliyekufa hupewa mtoto, liendelee kuitwa mezani, shambani, mlangoni, ili mwenyewe asipotee. Kumnyamazia mtu aliyekupa pumzi, mtu mpole aliyewapelekea wauguzi maziwa, aliona ni kukosa shukrani. Hakuwa na dharau kwa mila ya Nalotuesha. Alidhani tu kwamba ni huzuni ya mjane.

Saa sita mchana, siku ambayo Ndolo alilala kwa mara ya kwanza bila kupigana na maski, Kavutha alipiga magoti kando ya kitanda. Uso wa mumewe ulikuwa umetulia. Mashine ilikuwa ikisema shhh… kuu. Shhh… kuu.

"Asante Mungu," alinong'ona. "Na umlaze Katoo mahali pema." Kisha, kwa kuwa moyo wake ulikuwa umejaa, akaongeza: "Katoo… asante."

Shhh…

Kuu haikuja.

Kavutha aliinua kichwa. Mashine ilikuwa kama imeshika pumzi. Halafu ikaendelea, lakini sauti haikuwa ileile. Sasa kulikuwa na pumzi ya Ndolo, na mvumo wa mashine, na kitu cha tatu katikati. Chenye majimaji. Kama mtu anayejaribu kuvuta hewa kupitia vidole.

Chumba kikanukia moshi wa vibuyu. Kisha mafuta mabichi ya kondoo.

Stima ikapotea. Redio ya Evalyne ikakatika katikati ya wimbo. Feni ikazunguka polepole, ikasimama.

Mashine haikusimama.

Shhh… kuu. Shhh… kuu.

"Ndolo," alisema. "Baba Sandra, amka."

Ndolo akaketi. Macho yalikuwa wazi, lakini hayakuwa yakimtazama. Mkono wake ukamshika Kavutha nywele, ukamtupa kitandani, na kabla hajapata sauti goti lilikuwa limetua kifuani pake. Akasikia ubavu ukilia, kah, kama kijiti. Kiganja kikafunika mdomo na pua.

Ndolo alikuwa mwanamume mzito, lakini katika miaka yao yote hakuwahi kumwinulia mkono. Na hakuwa akishika kama mtu mwenye hasira. Kidole gumba kilikaa chini ya taya, vingine vikaziba pua, kichwa kikageuzwa upande. Alishika kwa ujuzi. Alishika kama mtu aliyewahi kuona inavyofanywa, kutoka upande wa chini.

Kavutha alirusha miguu. Akamparura uso, maski, shingo. Damu ya Ndolo ikamdondokea jichoni. Kutoka ndani ya maski sauti ikasema neno moja la Kimaasai, taratibu. Kavutha alilifahamu; sokoni Bisil alikuwa amewasikia akina mama wakiwaambia watoto wanaolia.

Nyamaza.

Giza likaanza kuingia kutoka pembeni. Akafungua mdomo chini ya kile kiganja, akauma. Akauma mpaka meno yakakutana na kitu kigumu, mpaka chumvi ikamjaa kinywani. Mkono haukutetereka. Akapapasa, akaupata mpira wa mashine, akauvuta kwa nguvu zote. Mashine ikaanguka kutoka mezani. Akaikamata, akampiga nayo kichwani. Mara ya pili. Mara ya tatu maski ikang'oka, na Ndolo akamwangukia kama gunia.

Ndolo alipoamka alikuwa akilia kabla hajajua kwa nini.

"Nani amekupiga? Mama Sandra, nani amekupiga hivi?"

Kavutha alikuwa ameshika mkono wa mumewe, anautazama. Kiganjani palikuwa na pinde mbili za damu. Meno yake ya juu. Meno yake ya chini.

Nyuma ya ukuta Evalyne alikuwa kimya. Kwa nyumba za kupanga kuna sauti ambazo jirani hazifanyii mzaha.

Siku iliyofuata Kavutha alirudi Kajiado, ubavu umefungwa kwa leso, mashine ndani ya mkoba. Nalotuesha alikuwa peke yake uani. Alimtazama uso uliovimba, akavuta kigoda.

"Ulimtaja."

"Nilimwombea, mama."

"Ulimwita." Haikuwa lawama. Akammiminia chai, akamsogezea.

Mbuzi walikuwa wakirudi, na kengele zao zikisikika mbali.

"Hata wewe alikuwa anakufanyia hivyo?" Kavutha akauliza.

Nalotuesha akagusa taya lake. "Kwa watu alikuwa mpole. Usiku alikuwa mwingine. Daktari akasema ni usingizi, hajui anachofanya, akimpa mashine atapona. Utashtaki usingizi wapi? Chifu atauandikia barua?" Akacheka kidogo, bila furaha. "Mashine ikaja. Akaendelea. Sikujua kama ni usingizi au alijificha ndani ya usingizi. Mpaka leo sijui."

Alipoinua kikombe, shuka likateleza, na Kavutha akaona kiganja cha mkono wake wa kulia. Kovu la zamani, lililopauka.

"Hapo uliumwa na nini, mama?"

"Kondoo."

Kavutha alikuwa mke wa mtu wa mifugo. Kondoo hana meno ya mbele ya juu. Ana ufizi mtupu. Kovu lile lilikuwa na pinde mbili, moja ikitazamana na nyingine, kama zile alizoziacha mkononi mwa Ndolo. Na alama hiyo haimpati anayezibwa. Humpata anayeziba.

Hakuona ni kazi yake kumhukumu. Goti lile alikuwa amelibeba mara moja tu, na mwenzake alilibeba miaka.

"Sikumbuki," Nalotuesha akanong'ona, kana kwamba ameulizwa. "Nililala. Nikaamka mkono unauma. Yeye alikuwa ametulia… Nakuapia kwa Enkai, Mungu wetu, nililala."

Akauchukua mkoba. "Hii nitaichoma. Lakini wewe hukuita mashine. Uliita mtu."

Kavutha alikuwa amefika langoni mama alipomfuata mbio, shuka likiburuta.

"Usilale karibu na yeye."

"Mume wangu? Ndolo si mbaya, mama. Siku hizi analia tu, ananiomba msamaha."

"Sisemi yeye." Macho ya Nalotuesha yalikuwa mkononi mwa Kavutha. "Usilale wewe."

Kavutha alidhani ameambiwa akeshe amlinde mumewe. Na hivyo ndivyo alivyofanya. Mugure aliahidi kuwatafutia mashine nyingine. Mpaka ipatikane, Ndolo alale ameegemea mito, na mtu amsukume kila pumzi inapokatika. Basi kila mchana Kavutha aliketi kwenye kigoda kando ya kitanda. Mkoromo ulipanda, ukakwama, kukawa kimya… akamsukuma bega. Ukarudi. Kelele ile iliyomuudhi miaka yote sasa aliisikiliza kama mama anavyomsikiliza mtoto mchanga.

"Pumzika kidogo, Mama Sandra," Ndolo alimwambia, macho yamezama. "Utaanguka."

"Wewe koroma tu. Nikikusikia niko sawa."

Alikuwa na ubavu uliovunjika, na usiku hakuwa akilala kwa kumfikiria huko kwenye malori. Chumba kilikuwa cha moto. Mkoromo ulikuwa ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka. Alifumba macho kidogo tu, apumzishe kope.

Aliamka akiwa kitandani.

Hakukumbuka kupanda. Mwanga chini ya pazia ulikuwa umegeuka mwekundu. Hewa ilinukia mafuta mabichi ya kondoo. Magoti yake yalikuwa juu ya kitu laini, na mkono wake wa kulia ulikuwa unauma, unauma sana.

Ukuta ukagongwa.

"Mama Sandra!" Ilikuwa sauti ya Evalyne, yenye kicheko, ya kwanza tangu siku ile. "Leo posho mill mmezima?"

Kavutha aliinua kiganja chake, akakisogeza kwenye ule mwanga mdogo. Meno ya juu. Meno ya chini. Damu ilikuwa bado mbichi.

Hakutazama chini. Bado.

Alifunga macho, akaushikilia mkono kifuani, akangoja amsikie akikoroma.