Mogesi na Kibuyu cha Maziwa Mgando

Kila asubuhi Mogesi aliamshwa na vitu viwili: jogoo wa bibi yake na pua yake mwenyewe. Jogoo aliwika mara tatu akanyamaza. Pua haikuwa na adabu hiyo. Alipiga chafya saba, nane, siku nyingine kumi na mbili, kabla hajaziona ndala zake chini ya kitanda.

Akishapangusa kamasi, alikwenda kufanya kazi yake ya asubuhi. Alitoa mekoni kijiti chenye moto, akakitia ndani ya kibuyu cha maziwa na kukisugua huku na huku mpaka moshi mzito ukatoka mdomoni mwa kibuyu na kumvamia usoni. Kisha aliyakung'uta majivu kwa kifagio kidogo. Humo Bibi Mokami alimimina maziwa ya ng'ombe wake wawili, akayaacha siku mbili tatu mpaka yagande. Bibi alisema kibuyu kisichopigwa moshi huyatia maziwa harufu mbaya. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na mama yake alifundishwa na wa kwake.

Nyumba ilikuwa na watu wawili tu, yeye na bibi. Dhahabu ilipoonekana katika kilima cha Nyagetare, nusu ya kijiji ilihamia huko. Ryoba, baba yake Mogesi, aliondoka na sururu begani akisema anakwenda kwa mwezi mmoja. Mama yake alifuata, akawa anawapikia wachimbaji. Mwezi mmoja wa baba ulikuwa umefikisha miezi kumi na minne.

Barabara ya kwenda shuleni ilikuwa ya malori. Yalipita usiku na mchana yakipeleka mawe kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na kila lori liliacha nyuma yake wingu la vumbi jekundu. Mogesi alifika darasani macho yakiwasha na pua ikichuruzika. Alikaa dawati la nyuma kabisa, peke yake, kwenye dawati la watu watatu.

Hakuwa amezaliwa na upweke huo. Tangu darasa la kwanza alikaa na Amondi, binti wa mama mmoja aliyeuza samaki wakavu na aliyekuwa na ndugu ng'ambo ya mpaka, Kenya. Walikuwa wamefika darasa la sita wakila muhogo mmoja na kutumia kifutio kimoja. Lakini muhula huu watu walianza kunong'ona kwamba mgodini kuna kifua kikuu, na kwamba wazazi wa Mogesi wako mgodini, na Mogesi kutwa anapiga chafya. Mama yake Amondi akasikia. Siku iliyofuata Amondi alihamia dawati la mbele. Tangu hapo Mogesi alikuwa anakitazama kisogo chake kuanzia kengele ya kwanza hadi ya mwisho.

Bibi Mokami alimpeleka zahanati. Tabibu Gladys, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole, alimpima kwa makini.

"Hiki si kifua kikuu," alisema. "Wala si mafua ya kuambukiza. Ni mafua ya mzio. Pua yako inakutana na vumbi au moshi, inadhani imevamiwa na adui, inaanza vita. Kwa hiyo utakunywa kidonge kimoja kila jioni. Suuza pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Kaa mbali na vumbi na moshi. Bibi, mtoto anakaa karibu na moshi nyumbani?"

"Hapana," Bibi alijibu bila kusita. "Sisi tunapikia uani. Moshi haumfikii."

"Basi mrudi baada ya wiki nne."

Mogesi alipeleka habari hizo darasani kwa furaha, lakini Waitara, mvulana asiyekosa jibu, alimuuliza, "Kama hayaambukizi, mbona hayaishi?" Darasa zima likacheka. Amondi hakucheka, ila hakugeuka. Mwalimu Nikodemo alimwambia Mogesi kwamba atazungumza na mama yake Amondi, lakini mama huyo alikuwa safarini kununua samaki. Mogesi akaona njia ni moja tu. Apone. Apone kabisa, na upesi.

Kwa siku tisa alikunywa vidonge. Chafya zilipungua kidogo tu, na wiki nne aliziona ndefu mno.

Jumamosi moja alikuwa anachambua maharage huku redio ya bibi ikizungumza. Mtafiti mmoja alikuwa anaeleza kwamba maziwa yaliyochachushwa yanaweza kuwa na bakteria hai wenye faida mwilini, na kwamba wanasayansi wanachunguza kama bakteria wa namna hiyo wanaweza kuwasaidia wenye mafua ya mzio. Katika baadhi ya tafiti, alisema, waliopewa bakteria hao walipata nafuu. Mtafiti akavuta pumzi. "Lakini," akasema.

Mogesi hakumsubiri. Alizima redio akakimbilia zizini.

"Bibi! Dawa yangu tunayo nyumbani! Redio imesema maziwa mgando yanatibu mafua ya mzio!"

Bibi Mokami alicheka mpaka akashika kiuno. "Leo ndiyo wamejua? Wangeniuliza mimi."

Tangu siku hiyo Mogesi alikunywa vikombe vitatu vya maziwa mgando kila siku. Kibuyu kimoja hakikutosha, kwa hiyo kila asubuhi akawa anapiga moshi vibuyu viwili. Vidonge aliviona ni kazi ya bure. Alivificha ndani ya mkebe wake wa hisabati, na bibi alipouliza, alijibu, "Nimeshakunywa."

Bahati yake, au tuseme mkosi wake, wiki hiyo mvua kubwa ilinyesha. Barabara ikawa tope, malori yakakwama, vumbi likalala. Mogesi akapiga chafya mbili tu asubuhi. Hakuuliza kwa nini. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Nikodemo.

"Mwalimu, shikamoo. Nimepona."

"Marahaba. Tabibu amekuona?"

"Ndiyo, Mwalimu. Amesema nimepona kabisa."

Uongo ule ulitoka kwa urahisi hata yeye mwenyewe akashangaa. Mwalimu akalitangazia darasa habari hiyo, na Jumatatu iliyofuata Amondi alibeba madaftari yake akarudi dawati la nyuma. Alikaa, akasogeza kifutio katikati yao, kama zamani.

"Umepona kweli?" alinong'ona. "Mama amerudi, atataka kujua."

"Kweli. Tabibu amesema."

Zilikuwa siku nne tamu. Walicheka mambo yasiyochekesha. Mogesi alirudi nyumbani akiimba, na bibi akamwongezea maziwa.

Siku ya tano jua lilikuwa limekausha barabara na malori yamerudi. Mogesi alifika shuleni pua imeziba kabisa. Amondi alikuwa anamalizia ramani ya Mkoa wa Mara, kazi ya siku tatu, iliyochaguliwa kubandikwa ukutani. Alikuwa amepaka ziwa kwa rangi ya maji, na rangi ilikuwa bado mbichi. Mogesi alibana pua, akashikilia pumzi, akafumba macho. Haikusaidia. Chafya ilitoka kwa nguvu zake zote, na ziwa likafurika mpaka Tarime na Serengeti.

"Yawa, Mogesi!" Amondi alimaka kwa Kijaluo.

"Nisamehe. Nitakuchorea nyingine."

Amondi alitazama ramani, kisha akamtazama yeye. Macho yake yalikuwa na machozi. "Ramani si kitu. Ulisema tabibu amesema. Mimi nikamwambia mama, nikamwapia. Sasa mimi ndiye mwongo nyumbani kwetu."

Alikusanya vitu vyake akarudi mbele. Kifutio alikiacha.

Jioni ile Mogesi aliomba simu ya bibi akampigia baba yake. Sauti ya mashine ilimjibu kwamba mteja hapatikani. Akapiga tena, akaambiwa vilevile. Alikaa nyuma ya zizi akalia kimyakimya, kwa sababu hakutaka bibi ajue, na kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kumsikia. Aliona upweke wa sasa ni mbaya kuliko ule wa kwanza. Ule aliletewa na watu. Huu alikuwa ameutengeneza mwenyewe.

Kesho yake, Jumamosi, alikwenda zahanati peke yake. Alimwamkia Tabibu Gladys, kisha akafungua mkebe wa hisabati na kuumwaga mezani. Kati ya rula na bikari kulikuwa na vidonge kumi na tisa.

"Sikuvinywa," alisema. "Na nimesema uongo kwamba wewe ulisema nimepona."

Alieleza yote, tangu redio hadi ramani. Tabibu alisikiliza bila kumkatiza.

"Ahsante kwa kusema kweli. Mgonjwa akinidanganya, natibu ugonjwa usiokuwepo. Sasa nieleze asubuhi yako, tangu unapofungua macho."

"Naamka, napiga chafya. Nasafisha vibuyu. Halafu chafya zinazidi. Halafu naenda shule."

"Vibuyu unavisafishaje?"

Mogesi alionyesha kwa mikono, kijiti cha moto, kusugua, majivu.

"Na moshi unakwenda wapi?"

"Unatoka tu. Unanipata hapa," alisema akigusa uso. Mkono wake ulibaki palepale kwenye pua.

"Niliuliza kama unakaa karibu na moshi," Tabibu alisema.

"Bibi alisema hapana. Sisi huo hatuuiti moshi, Tabibu. Huo ni wa maziwa."

Tabibu Gladys alitabasamu. "Pua yako haijui tofauti. Kwa hiyo ulipozidisha maziwa ulizidisha na moshi, na dawa ukaacha. Mvua ilikusaidia siku chache, sifa ukavipa vibuyu. Sasa niambie, yule mtafiti alisema nini mwishoni?"

"Sijui. Alisema 'lakini', nikazima redio."

"Nitakumalizia mimi. Lakini si wote waliopata nafuu. Lakini bakteria waliotumika ni wa aina maalumu, kwa kiasi kilichopimwa, na hakuna aliyepima kilichomo katika kibuyu cha bibi yako. Lakini uchunguzi bado unaendelea, na mgonjwa asiache dawa aliyopewa. Kunywa maziwa, ni chakula kizuri. Ila yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo mgandishe, maana maziwa mabichi yana magonjwa yake."

Jumapili baada ya ibada Tabibu alifika nyumbani kwa Bibi Mokami. Habari ya kuchemsha maziwa bibi aliipokea kwa uso uliokunjamana. "Yatakuwa na ladha ya maji ya mvua," alilalamika. Lakini aliposikia habari ya moshi, alikaa chini polepole.

"Basi ni mimi niliyekuwa namuumiza mjukuu wangu?"

"Hapana, mama. Hakuna aliyejua. Sasa tunajua."

Walikubaliana. Vibuyu vitaoshwa kwa maji ya moto, na bibi akitaka kuvipiga moshi, atafanya mwenyewe nyuma ya zizi baada ya Mogesi kwenda shule. Mogesi atakunywa kidonge kila jioni mbele ya bibi. Na atapita njia ya mashambani, ndefu kidogo, isiyo na malori.

Jumatatu Mogesi aliomba kusimama mbele ya darasa.

"Nilisema nimepona. Nilidanganya, na Tabibu hakusema vile. Amondi hakujua. Mafua yangu hayaambukizi, lakini bado ninayo. Nitaendelea kupiga chafya, pengine miaka mingi."

Mwalimu Nikodemo akasoma barua ya Tabibu Gladys kwa sauti, akasema atampelekea na mama yake Amondi nakala yake. Lakini Amondi hakurudi dawati la nyuma siku ile, wala wiki ile. Mogesi alirudi dawati lake la watu watatu, akakiweka kifutio pembeni, akangoja. Mazoea ya kungoja alikuwa nayo tangu baba yake aondoke.

Chafya zikashuka kutoka kumi na mbili hadi tano, kutoka tano hadi tatu. Hazikuisha. Katika wiki ya tatu, asubuhi moja, kivuli kiliangukia daftari lake. Amondi alikuwa amesimama na ramani mpya mkononi.

"Mama amesema niamue mwenyewe," alisema. "Umepona?"

Mogesi alijua jibu ambalo lingempendeza. Akalimeza. "Bado. Nina nafuu. Malori yakiwa mengi bado ninapiga chafya."

Amondi alifikiri. Kisha akaketi, akaisogeza ramani hadi ukingo wa mbali kabisa wa dawati, akanyoosha mkono kuchukua kifutio. Wote wawili wakacheka.

Mwalimu Nikodemo alikuwa mlangoni, ameona yote. Alikuja taratibu mpaka kwao.

"Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi," alisema. "Mogesi, ulimwambia rafiki yako 'nimepona', akakaa nawe siku nne. Leo umemwambia 'bado'. Huyu hahami tena."